Kabla ya Kutega, Piga Hodi

"Hivi wewe ulipelekwa Ulaya kusoma ualimu au kulinda panya wa mitini?"

Swali hilo nimeulizwa kwenye vimbweta, kwenye foleni ya chakula, na hata na mhadhiri mmoja ambaye sikujua kama anatania au anauliza kweli. Mwaka jana nilipata nafasi ya kubadilishana wanafunzi, nikakaa muhula mmoja kusini mwa Uskoti, eneo la Dumfries and Galloway. Kila Jumamosi, wenzangu walipokuwa wamelala au wamepanda basi kwenda Glasgow, mimi nilivaa mabuti ya kuazima nikaingia msituni na watu wa kujitolea wanaohifadhi kindi wekundu. Mpaka sasa nimekuwa nalijibu swali hilo kwa kucheka. Leo naomba nilijibu vizuri, maana naamini wale wazee wenye mabuti wanajua jambo ambalo sisi wenye vilabu vya mazingira hapa chuoni hatulijui.

Kwanza tumfahamu mnyama mwenyewe. Kindi mwekundu ni mdogo, uzito wake kama gramu 300, na majira ya baridi huota vishungi vya manyoya masikioni. Ndiye kindi wa asili wa misitu ya Uingereza. Kindi wa kijivu ni mwingine kabisa, kwao ni Amerika ya Kaskazini. Aliletwa na matajiri wa enzi za Malkia Victoria kama pambo la bustani. Kisa kinachotajwa zaidi ni cha mwaka 1876, pale tajiri mmoja wa Cheshire alipowaachia wachache katika shamba lake la Henbury. Wenye mashamba makubwa wengine wakaiga, wengine wakapeana kindi kama zawadi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 yanasema sasa wa kijivu ni kama milioni 2.7, na wekundu ni kama 287,000, wengi wao wakiwa Uskoti.

Wengi hudhani wa kijivu anampiga mwekundu. Hampigi. Anamzidi kwa kula na kwa ugonjwa. Ana uzito karibu mara mbili, na tumbo lake linamudu kokwa za mwaloni kabla hazijaiva, wakati mwekundu bado anazisubiri. Halafu kuna ndui ya kindi. Wa kijivu anabeba virusi vyake bila hata kupiga chafya. Mwekundu akivipata, anatoka vidonda machoni, mdomoni na kwenye vidole, anashindwa kuona na kula, na kwa kawaida ndani ya wiki mbili hivi amekufa. Pale Formby, pwani ya kaskazini-magharibi ya Uingereza, mlipuko wa mwaka 2008 uliondoa zaidi ya asilimia 80 ya kindi wekundu wa eneo hilo. Huko nilikokaa, ndui ilikuwa imeshafika tangu mwaka 2007.

Sasa kazi yenyewe. Haina mbwembwe. Mnapewa visanduku vya mbao vyenye kifuniko, ndani mnatia karanga na mbegu za alizeti, chini ya kifuniko mnabandika kipande chenye gundi. Kindi akiinua kifuniko kwa kichwa ili ale, anaacha nywele. Baada ya wiki mbili hivi mnarudi kuchukua vile vipande, na nywele zinaangaliwa kwa hadubini. Niliuliza hadubini ya nini wakati mmoja mwekundu na mwingine wa kijivu. Kumbe rangi inadanganya: wekundu wengine huwa na ukijivu, na wa kijivu wengi wana wekundu ubavuni na miguuni.

Nywele za kijivu zikionekana, inafuata sehemu ngumu, nayo ni mtego. Ni kizimba cha waya. Lazima kikaguliwe angalau mara moja kwa siku. Akiingia mwekundu anaachiwa hapohapo. Akiingia wa kijivu anauawa, kwa kuwa sheria hairuhusu kumwachia tena. Nalisema hili wazi kwa sababu kule nako kuna watu wanaopenda kulificha, wanasema "kudhibiti", "kuondoa", "kushughulikia". Mimi sikuua, sikuwa na mafunzo. Lakini siku moja nilisimama hatua kumi na daftari mkononi, nikaandika saa na namba ya mtego, na mzee aliyefunzwa akafanya kazi yake haraka. Hakusema neno mpaka tulipofika kwenye gari. Hapo akasema, "Siku nikiizoea hii, nitaacha." Nilimwamini kuliko mabango yote niliyowahi kuyasoma.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Uskoti wana sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inayomruhusu mtu yeyote kutembea karibu popote, hata kwenye shamba la mtu, mradi asiharibu. Unaweza kukatiza msitu wa tajiri ukapiga na picha. Lakini kutega huwezi mpaka mwenye ardhi akubali. Yaani una haki ya kupita, huna haki ya kutenda. Basi mratibu wa kikundi chetu alikuwa na ramani ukutani. Mashamba yaliyokubali aliyapaka kijani, yaliyokataa aliyaacha meupe. Ukiitazama ramani ile unaelewa kila kitu bila kuambiwa. Shamba moja la katikati likibaki jeupe, kazi ya mashamba manane ya kando ni kutia maji kwenye pakacha. Wa kijivu wanazaliana mle, na unapomaliza kusafisha kwa jirani wanarudi kujaza nafasi.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya uhifadhi wa kindi haifanyiki msituni. Inafanyika mlangoni kwa watu.

Sisi tuliokulia Uswahilini tunajua hodi. Unapiga mara tatu, usipojibiwa unaondoka, na unarudi siku nyingine bila kinyongo. Ukikaribishwa huanzi na shida yako, unaanza na salamu na habari za watoto. Nilidhani Wazungu hawana mambo hayo. Niliandamana na mratibu kwenda kwa mkulima mmoja wa kondoo, shamba jeupe la katikati. Ilikuwa safari yake ya tatu katika miaka miwili. Hakuja Aprili, maana Aprili kondoo wanazaa, na ukimgongea mkulima mlango wakati huo umejifukuza mwenyewe. Tulikuja mwishoni mwa Mei. Wakazungumza mvua. Wakazungumza bei ya sufu. Mimi nimekaa, chai inapoa, najiuliza kindi watatajwa saa ngapi.

Hatimaye mkulima mwenyewe ndiye aliyetoa la moyoni. Miaka iliyopita vijana fulani wa kujitolea walipita shambani kwake wakaacha geti wazi. Kondoo wake wakachanganyika na wa jirani, akapoteza siku mbili kuwatenganisha. Hakuna aliyerudi kumwomba radhi. Hakuwa na ugomvi na kindi hata kidogo, ugomvi wake ulikuwa na geti. Mratibu hakujitetea kwamba wale hawakuwa watu wake. Alisema, "Samahani. Ningekuwa mimi ningekasirika pia." Kisha akauliza habari za miti michanga ya mwaloni aliyoipanda mkulima kando ya mto. Mkulima akatupeleka kuiona. Magome yamebanduliwa kuzunguka shina, mingine imeshakufa. Nani kabandua? Kindi wa kijivu. Siku hiyo shamba lilipakwa kijani.

Tunafundishwa darasani kila siku kwamba somo huanzia pale mwanafunzi alipo, na bado ilibidi nisafiri mpaka kwa mchunga kondoo ndipo nilione kwa macho. Mkulima yule alikuwa anajua miti yake. Vipeperushi vyote alivyowahi kupelekewa vilikuwa vinamfundisha uzuri wa kindi mwekundu.

Lakini nisikudanganye kwamba kila hodi inaisha vizuri. Kulikuwa na bibi mmoja wa miaka karibu themanini, nyumba yake pembezoni mwa msitu. Aliniita kwa neno la kwao lenye maana ya mtetea. Nilishtuka, kumbe ndivyo wazee wa kule wanavyowaita mabinti kwa mapenzi. Bibi huyu alikuwa anawalisha kindi wa kijivu dirishani. Mumewe alikufa, watoto wako mbali, na kila asubuhi wanaokuja kumwona ni hao. Mratibu alipomweleza habari ya mtego, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyu alizaliwa kwenye mti ule pale. Mama yake pia. Mpaka lini ataitwa mgeni?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kibali cha kuishi nchini mwao mfukoni, chenye tarehe ya kuondoka.

Swali la bibi lilinirudisha kwenye mkutano mmoja wa kijijini, ambapo msemaji alitumia maneno "wavamizi wa kigeni" kama mara kumi. Ukumbini mweusi nilikuwa mimi peke yangu. Hakuna aliyenitazama, na hiyo ndiyo iliyonijulisha kwamba wote wamekumbuka nipo. Simlaumu msemaji kwa ubaya, sidhani alikuwa nao. Ila ninapingana naye. Kindi wa kijivu hana kosa. Hakuvuka bahari kwa mbawa zake, aliletwa na mtu mwenye ardhi, mwenye pesa, na asiyemuuliza jirani. Kama kuna hoja ya kumuua, na mimi nakubali ipo, ni kwamba anaambukiza ndui isiyo na chanjo inayotumika msituni, na kwamba bila kumdhibiti mwekundu atatoweka mahali pengi. Hoja hiyo inatosha. Ukiongeza chuki ya ugeni, unapata watu wanaofurahia kuua, na unawapoteza watu kama yule bibi ambao wangeweza kukuelewa.

Mratibu hakubishana na bibi. Alimwomba jambo dogo: aoshe chombo cha kulishia kwa dawa kila wiki, na akimwona mwekundu mwenye vidonda apige simu. Akakubali. Mwezi mmoja baadaye akapiga. Alikuwa amemwona mwekundu chini ya dirisha, macho yamefumba kwa usaha. Siku hiyohiyo akakishusha chombo mwenyewe. Mtego, mpaka naondoka, alikuwa bado anaukataa. "Tutapita tena vuli," mratibu alisema, kama mtu anayezungumzia kumtembelea shangazi.

Najua kuna atakayeniambia: mambo gani haya ya kubembelezana? Serikali itoe amri, au itoe pesa, yaishe. Vyote vilijaribiwa. Mwaka 1937 ilitoka amri ya kukataza kuingiza na kufuga kindi wa kijivu nchini Uingereza. Miaka ya 1950 serikali ikaanza kulipa shilingi moja kwa kila mkia, baadaye ikapandisha hadi shilingi mbili. Mikia ililetwa kwa wingi, wa kijivu wakaendelea kuenea, na mwaka 1958 malipo yakafutwa. Kwa akili yangu sababu si ngumu kuiona. Anayewinda kwa shilingi anakwenda walipojaa. Nani atazunguka msitu siku tatu kumtafuta wa mwisho, kwa shilingi mbili?

Linganisha na Anglesey, kisiwa cha Wales. Mwaka 1998 wekundu walikuwa wamebaki kama 40 tu kisiwani. Wakaanza kuwaondoa wa kijivu shamba kwa shamba, bustani kwa bustani, mwaka hadi mwaka. Mwaka 2015 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina tena kindi wa kijivu, na wekundu wakaongezeka hadi mamia. Hata hivyo kazi haikuisha, kwa kuwa kuna madaraja, na anayeweza kuvuka daraja atavuka. Kinachokilinda kisiwa sasa ni watu wanaochungulia bustani zao na kupiga simu.

Kuna hoja nyingine inayoniuma zaidi, kwa sababu ina ukweli: kwamba hii ni starehe ya walioshiba. Kweli, wengi wa wenzangu msituni walikuwa wastaafu wenye pensheni na gari. Na kweli pia, waliomleta wa kijivu walikuwa wenye mashamba makubwa, na leo funguo za mageti bado ziko kwa wenye mashamba, sisi wengine tunabisha hodi nje. Sikuliona hilo kuwa haki. Lakini kindi hawezi kusubiri mpaka ardhi igawanywe upya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wale wastaafu waliinama, wakati mwingine kwa watu waliowazidi kila kitu isipokuwa uvumilivu.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu sisi nasi tuna kindi wetu wa kijivu. Ana mbawa, ni mweusi mwenye shingo ya kijivu, na wiki iliyopita aliniibia chipsi palepale kwenye vimbweta. Kunguru tunayemwita wa Zanzibar asili yake ni India. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, eti asaidie kusafisha taka za mji. Akasafisha na mayai ya ndege wengine na vifaranga vyao, kisha akavuka kuja bara. Zanzibar waliwahi kumpunguza sana miaka ya 1990, juhudi zikakoma, akarudi. Dar es Salaam imewahi kutumia mitego na sumu. Kenya nao mwaka 2024 walitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja. Kila mara tunahesabu waliokufa, kama ile mikia ya shilingi. Mara ngapi tumehesabu milango tuliyobisha? Kunguru anakula kwetu: jalala lisilofunikwa nyuma ya hosteli, ndoo ya mabaki pembeni ya banda la chakula, mfuko tunaouacha kwenye kimbweta. Hayo ndiyo mashamba meupe ya ramani yetu.

Na sisi wa vilabu vya mazingira tusijifanye wasafi. Nilikuwepo tulipopanda miche pale kijijini nje ya chuo. Tulikuwa na fulana mpya, bango, na mgeni rasmi. Picha zilitoka nzuri sana. Baada ya wiki tatu mbuzi walikuwa wamemaliza kila kitu, na kwenye kundi letu la simu tukaandika kwamba wanakijiji hawana elimu ya mazingira. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekwenda kuuliza mbuzi wa nani hulishwa pale na saa ngapi. Tulipita bila hodi, tukaacha geti wazi, kisha tukamlaumu mwenye kondoo.

Napendekeza kitu kidogo. Muhula huu, kabla klabu haijaagiza fulana nyingine, twende wawili wawili kwa kina mama wanaotupikia, kwa walinzi wa hosteli, kwa wenye mabanda, na kule kijijini kwa wenye mbuzi. Tusiende na vipeperushi. Twende kuuliza taka zinawasumbua vipi, mifuniko ya mapipa ilikwenda wapi, mbuzi wapite wapi. Wakitukatalia, tushukuru, tuandike tarehe, turudi mwezi ujao. Na siku ya kutega kunguru ikifika, tuwaambie ukweli kwamba wanauawa, na kwa nini.

Anayetaka tuanze, tukutane kwenye vimbweta vya karibu na maktaba Jumamosi hii, saa tatu asubuhi. Njoo na viatu vya kutembelea. Fulana hakuna.